Mwanaidi, Hao Wamarekani Usiache Kuwasomesha

Mpwa wangu mpendwa Mwanaidi,

Marahaba. Najua ukiuona mwandiko wangu tu utasema shikamoo, basi nimeitikia kabisa. Kwanza ujue unaandikiwa na mtu mzito. Mtaa huu wetu wa Kariakoo, kuanzia wauza khanga mpaka wauza vitasa, hakuna anayefungua mlango asubuhi kabla hajasikia mjomba wako amekohoa. Basi la mwendokasi likifika kituo cha Gerezani hupunguza mwendo, dereva apate kunitazama kama nimeamka salama. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya kona. Waache waseme.

Naiandika barua hii wazi, kila mwenye mtoto ughaibuni aisome, maana jambo lenyewe si la kunong'ona. Juzi mama yako alinifuata hapa kwenye duka langu la khanga, hata kuketi hakuketi. "Kaka, Mwanaidi anaacha ualimu. Muhula huu ukiisha anaandika barua ya kuacha kazi." Nikamuuliza kulikoni. Akasema umechoka kuteka maji kwa pakacha.

Mwanangu, habari za pakacha lako nazijua. Si wewe uliyenipigia mwaka wako wa kwanza huko Marekani, unacheka na kulia kwa pamoja? "Mjomba, nina vijana wana ndevu na ukurasa mmoja unawashinda. Wanasoma neno la kwanza, yanayofuata wanabahatisha." Nikakwambia acha masihara, Wamarekani hao hao? Ukasema hao hao, tena vitabu wanavyo na maktaba zina viyoyozi. Kisha ukanieleza habari za darasa lako la jioni, la watu wazima. Yule dereva wa lori, baba wa watoto watatu, aliyetoa mfukoni barua ya hospitali iliyokunjwa mpaka ikaanza kuchanika, akakuuliza kwa sauti ya chini wanamwambia nini, atapona au hatapona. "Shule alisoma, mjomba, na alimaliza. Ila aliacha kusoma, na kusoma nako kukamwacha." Maneno hayo nimekaa nayo mpaka leo.

Nilipokwenda kuyatangaza kwa Mangi, yule Mchaga wa duka la vyombo upande wa pili, alicheka mpaka akaangusha sufuria.

"Wamarekani kusoma kunawashinda? Aisee, uongo wako siku hizi umepata pasipoti!"

"Nimeambiwa na mwalimu wao," nikamjibu. "Na huyo mwalimu nimemfundisha mimi."

Usinune, mwanangu. Ni kweli nilikufundisha. Mimi nina darasa la saba, tena la saba la enzi zile, ambalo ukilipima vizuri linakizidi chuo cha siku hizi. Na wewe shule yako ya kwanza ilikuwa duka langu.

Unakumbuka ile likizo ya darasa la sita? Ulikuwa unakaa juu ya robota, lile furushi kubwa la khanga, miguu inaning'inia. Mteja akiingia, mimi narusha doti ya khanga ifunguke hewani, wewe unasoma jina la khanga, yale maneno yaliyoandikwa, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Watu wakajaa mpaka barabarani. Mimi nikisimulia nasema walikuwa mia tano, na sipunguzi hata mmoja.

Katika hao mia tano alikuwemo Mama Zuhura wa Buguruni, muuza mihogo. Yeye herufi alikuwa hazijui. Kila khanga alitaka umsomee, kisha akasema, "Rudia, mwanangu." Siku moja ukakishika kile kidole chake kilichokomazwa na kisu, ukakiweka juu ya maandishi. "Hii ni M, bibi. Ina milima miwili." Tangu siku hiyo akawa haishi kuja dukani, na hanunui kitu. Nikamwambia, "Bibie, khanga zangu si ubao wa shule." Akanijibu bila kuinua macho, "Nyamaza, mwanamume. Niko darasani."

Halafu ile Ijumaa. Nimerusha doti, wewe umefungua kinywa, Mama Zuhura akapiga kofi paja lake. "Usinisomee! Leo nasoma mwenyewe." Akaanza. Herufi moja, pumzi moja. Jasho linamtoka kama amebeba gunia. Hata Mangi alivuka barabara kuja kutazama. Khanga iliandikwa MAPENZI YA MAMA HAYANA MSIMU. Alipofika mwisho hakushangilia. Alikutazama wewe, mtoto wa darasa la sita, akauliza, "Ndivyo?" Ukamwambia, "Ndivyo, bibi." Akajifunika uso kwa mtandio wake. Mimi wakati huo nilikuwa nimeinama chini ya meza natafuta mkasi, vumbi likaniingia machoni, ndiyo maana uliniona vile.

Sasa mama yako ananiambia kuna kijana huko amekujeruhi. Amekwambia, "Mwalimu, simu yangu inanisomea kila kitu. Wewe kazi yako nini?" Tangu siku ile huna raha. Mimi jibu ninalo. Nimelipata hapa hapa Kariakoo, kwa kulipia kwa uso wangu.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, mtu wa heshima. Anampokea mkwewe, mama wa bwana harusi wa bintiye, anayetoka Tanga. Anataka doti nzuri ya kumkaribishia. Nikavuta nyekundu ya juu kabisa, imekunjwa vile ilivyotoka kwenye robota, huku jicho langu moja liko kwenye simu natazama video za watu wanaoanguka anguka. Nikasema, "Hii, mama yangu, ina maneno ya kumtoa nyoka pangoni." Akaipokea. Dada zake wawili wakaifunga kwa karatasi ya maua. Wote hao wamesoma, mmoja ni karani.

Mkwe akaifungua mbele ya ukumbi mzima wa harusi, akajifunga kwa furaha, akageuka kuonyesha watu. Mgongoni imeandikwa MGENI HUNA HAYA UMEKULA MPAKA SAHANI.

Kesho yake yule mama alikuwa mlangoni kwangu kabla sijakohoa. "Wewe mzee umenivunjia undugu! Mkwe wangu kaondoka usiku ule ule, hata chai hakunywa!" Nikajitetea kwamba kiwanda ndicho kilichokosea. Mangi, kutoka kwake upande wa pili, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mwulizeni, hiyo khanga imetoka Marekani?"

Mtaa ukacheka, lakini mwanangu, nilipofunga duka nilikaa nikatafakari. Maneno yale yalipita kwenye mikono minne, yote ya watu waliokwenda shule. Simu zilikuwepo nne. Hakuna simu iliyotuambia, "Jamani, someni." Simu inakusomea ulichoiomba ikusomee. Khanga ile hakuna aliyejua kwamba inahitaji kusomwa. Huyo kijana mjibu hivyo, na mwambie umeambiwa na mjomba wako, gwiji wa Kariakoo.

Kwa hiyo usidhani Wamarekani wako wana ugonjwa wao peke yao. Hata sisi umetuingia, kimya kimya kama mchwa kwenye mlango. Ndiyo maana nakuomba, mama yangu, usiandike barua hiyo. Huyo dereva wa lori ukimwacha, nani atashika kidole chake? Choka, ni haki yako. Lia, pumzika, nipigie unitukane. Muhula ukianza, rudi darasani.

Mambo ya nyumbani ni salama. Mangi anakusalimia, anasema ukija umletee sufuria badala ya ile iliyobonyea alipoiangusha kwa kuwacheka wanafunzi wako.

Limebaki jambo moja dogo, nami nilitaka kuifunga barua bila kulisema. Ule ujumbe mrefu ulionitumia wiki tatu zilizopita, wa kuniuliza uache kazi au uendelee, mimi sikuusoma. Niliona mstari wa kwanza, "Shikamoo mjomba, natumaini hujambo," nikaona umeteremka mpaka chini kabisa, nikasema habari ndefu hivi ni ya furaha tu, huyu kapandishwa cheo. Nikakutumia maua matatu na "Hongera sana, Mungu akuzidishie." Mama yako anasema ulilia, ukasema hata mjomba ameona niache. Sikuona chochote, mwanangu. Jana ndiyo nimeusoma, kwa kidole, tangu shikamoo mpaka jina lako. Hongera ile naitaka irudi.

Ni mimi, kaka wa mama yako,
Mjomba