Mke Mwenzangu wa Karatasi

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mume wangu,

Marahaba. Naitikia kabisa, maana najua shikamoo yako iko njiani, na wewe tangu utoto hujawahi kuwa na haraka.

Hujambo lakini? Habari za huko, za baridi, za huyo fundi bomba unayekaa naye? Sisi huku wazima. Magoti yangu yanalalamika kama kawaida yake, nami nimeacha kuyasikiliza. Mama yako anakwenda kazini, anarudi, anavua viatu, ananuna kidogo, anakula. Mdogo wako anarefuka bila kuomba ruhusa. Sketi yake ya shule nimeishusha pindo tena, na safari hii pindo lenyewe limekwisha.

Mkono je? Nauliza mara moja tu, ukipenda utanijibu. Pole nilishakupa siku ile ile mashine ya kupigia pasi mashuka ilipokubana vidole, na pole ikirudiwa inakuwa kelele. Mama yako anasema kidonda kimefunga, na daktari kasema vidole vitakunjika vizuri ukivizoesha. Ila fundi bomba kamwambia kwamba ule mpira wa kuminya uliopewa hospitali umeuweka juu ya kabati, unakula vumbi. Sijui unasubiri ujiminye wenyewe.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwanza, simu zangu siku hizi hupokei. Pili, simu haibebi karatasi, na hapa ndani kuna karatasi.

Ulipompigia mama yako ukamwambia kalamu zako za rangi wapewe watu, kwamba wewe na kuchora basi tena, alilia kidogo jikoni. Halafu akafanya ulivyosema. Akalitoa boksi la hizo kalamu, makapeni mnavyoziita, chini ya kitanda chako, akaliweka mlangoni apewe mwalimu wa chekechea wa hapa jirani. Mimi nikalirudisha ndani. Akalitoa tena. Nikalirudisha, nikalikalia. Nikamwambia mali ya mume wangu haigawiwi mwenyewe angali hai, anayetaka mirathi asubiri. Akasema, "Mama, na wewe!" Unamfahamu mama yako, hayo ni maneno mengi.

Ndani ya boksi, chini kabisa, ndipo nilipomkuta mke mwenzangu. Nina maana yule msichana wako wa katuni za Kijapani, uliyembuni mwenyewe, mwenye nywele zinazopepea na joho refu, kashika mwavuli kama mtu aliyeshika panga. Macho makubwa kama vikombe vya chai, pua ndogo kama doa. Umemchora kwa penseli tupu, hana wino wala rangi. Yaani umeoa mke wa pili, ukamficha chini ya kitanda, ukasafiri! Lakini sina la kumlaumu. Hali chakula, haongei, haniulizi chumvi iko wapi. Ananitazama tu. Kwa mke mwenza, sijapata kuona mwenye adabu kiasi hiki.

Nikaamua kummaliza. Usishtuke, kummaliza kumchora.

Mdogo wako akajitwika ualimu, na nakwambia mtoto yule hana huruma. Kasema wewe ndiye uliyemfundisha, kwa hiyo lawama nyingine zitakufikia. Utaratibu nimeukariri: kwanza wino juu ya mistari ya penseli, wino ukauke, penseli ifutwe, ndipo rangi, nyepesi kwanza na nzito baadaye. Nikaona si jambo gumu. Nimekata magauni ya maharusi kwa miaka, nitashindwa na binti wa karatasi?

Nilishindwa kwenye nywele. Mwalimu wangu alinionyesha: kalamu nyembamba, mkono mzima utembee, si vidole peke yake, mstari uvutwe mara moja bila kusitasita, mwishoni uiachie kalamu ipae ili unywele uishe mwembamba. Mimi navuta, nikifika mwisho mkono unarudi wenyewe, nyuma kidogo, mbele kidogo. Nikianza mstari, hivyo hivyo. Mtoto akainamia karatasi, akatazama, akapiga kelele, "Bibi! Mbona nywele zina vifundo?"

Nilikuwa nafunga mshono. Cherehani nimeiacha, lakini mkono haujapata habari. Ndivyo tulivyofundishwa, ukianza unarudia, ukimaliza unarudia, la sivyo nguo inafumuka mtu yuko katikati ya watu. Nikamweleza. Akaniambia nywele hazifumuki, Bibi. Basi mke mwenzangu ana nywele zilizofungwa kila upande, hata upepo wa kimbunga hautazichukua.

Upande wa joho nilijitahidi kidogo. Penye mikunjo nilikuwa nyumbani, maana nguo ni nguo. Ila nakwambia kweli, ulivyolichora joho lile halivaliki. Halina mshono begani na sijui linafungwa na nini. Nimelitia vifungo. Mdogo wako hakuafiki, nami sikumwomba.

Kosa la pili lilikuwa la haraka. Nilishika raba kabla wino haujakauka, nikafuta penseli shavuni, wino ukafuata raba mpaka kidevuni. Sasa msichana wako kaota ndevu. Si nyingi, za kijana anayeanza. Mdogo wako alicheka mpaka akakaa sakafuni, nami nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Rangi tulianza siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, kwenye meza ya dirishani. Hapo ndipo nilipojua kwamba makapeni hizo zinapenya karatasi. Kile kitambaa cheupe cha meza, alichopenda mama yako, sasa kina bibi harusi wa zambarau katikati, hana sura ila ana umbo. Nimekigeuza upande wa pili, na upande wa pili pia yupo.

Nikaomba kalamu nyeupe ya kutia mng'aro kwenye nywele. Nikaambiwa hakuna. Ati pale unapotaka mwanga, huweki kitu, unaiacha karatasi kama ilivyo, na usipopaacha tangu mwanzo ndiyo imetoka. Nikasema mbona hukuniambia kabla sijajaza kichwa kizima? Akasema alidhani najua. Ndiyo maana nywele zake zinang'aa mahali pamoja tu, juu ya sikio, ambapo makapeni iliniishia wino. Pazuri kuliko pote, na sikupafanya mimi.

Vivuli navyo vilituletea ugomvi. Mtoto kaniuliza, "Mwanga unatoka wapi, Bibi?" Nikamjibu, "Dirishani, mbona unaona." Akashika kichwa. Kumbe mwanga anaouliza ni wa huko ndani ya picha. Haya, tukakubaliana utoke kushoto. Tukakoza upande wa kulia wa pua, wa shingo, wa kila mkunjo wa joho, rangi ile ile juu yake yenyewe mpaka ikaiva. Hiyo kazi niliipenda. Sikutegemea, lakini niliipenda.

Mama yako siku zote hizo alikuwa akipita tu, na ule mnuno wake. Kisha jioni moja akasimama nyuma ya kiti changu, akaushika ukingo wa karatasi, akatazama ule mkono ulioshika mwavuli. Umemchorea kidole chetu. Kile cha mwisho, kilichopinda kwa ndani, nilichokirithi kwa baba yangu, nikampa yeye, naye akakupa wewe. Mimi nilikuwa nimekipitishia wino bila kukitambua, nikidhani umekosea. Mama yako akasema, "Huu mkono wa mwanangu." Akakaa.

Nami nimeumia, mume wangu. Nimeumia kwa kidole hicho na kwa vingine vilivyobanwa, na nimeumia zaidi uliposema basi tena. Nimeshasema, tuendelee.

Yakabaki macho. Mdogo wako anasema macho ndiyo mtu, mengine ni nguo. Nilifanya mazoezi nyuma ya kalenda ya zamani, nikatoa macho ya mbuzi, ya samaki, na moja lililofanana kabisa na mjomba wako dereva akiwa na usingizi. Kisha nikalichora la kulia kwenye karatasi yenyewe. Kope nene juu, duara, kijani nzito juu na nyepesi chini, na safari hii nikapaacha mahali pa mwanga kabla ya kutia rangi. Limetoka vizuri. Lakini limekaa upande. Ukimtazama utadhani ni mtu anayejifanya anafagia huku anasikiliza umbeya wa jirani.

La kushoto sikulichora. Lipo kama ulivyoliacha wewe, penseli tupu. Mama yako alidhani nimechoka. Mdogo wako alidhani nimeogopa. Wote wamekosea, ingawa mdogo wako kapatia kidogo.

Hilo ni lako.

Mke mwenzangu huyo hapo ndani ya bahasha, kati ya makadibodi mawili, na ole wake atakayemkunja. Nimetia na kalamu nyembamba ya wino, na makapeni mbili za kijani, ile nyepesi na ile ya kukoza. Boksi lenye zilizobaki liko chini ya kitanda changu sasa, na halitoki. Mwalimu wa chekechea nimemshonea aproni yenye mifuko, kwa hiyo hatudai kitu.

Usiniambie mkono umekataa. Najua umekataa. Wangu nao siku hizi hata uzi kutunga kwenye sindano unakataa, namwita mdogo wako anitungie, kisha nashona. Shika kalamu utakavyoweza, kwa vidole viwili, kwa ngumi, kwa mkono ule mwingine, kwa meno ukitaka, sitakuwepo kukuona. Ukiona utafanya vibaya, nenda kalitazame lile jicho nililochora mimi. Limekaa upande. La kwako nalo likikaa upande, yatalingana, na watu watasema ndivyo alivyozaliwa.

Na ukikataa kabisa, mrudishe hivyo hivyo. Nitamtundika sebuleni na jicho lake moja na ndevu zake, na kila mgeni akiuliza nitamwambia ni mume wangu aliyemwacha katikati. Unanijua, na wageni wetu unawajua.

Nisalimie fundi bomba. Mwambie namwomba jambo dogo: akuteremshie ule mpira kabatini, aufute vumbi, auweke juu ya mto wako, na asiseme neno. Mama yako anakusalimu, kanuna lakini anakusalimu. Mdogo wako anasema usiguse vifungo vya joho mpaka mje mjadiliane. Mjomba wako dereva naye anakusalimu, ila habari ya jicho lake usimwambie.

Mungu akulinde na mashine na baridi na watu wenye huruma nyingi. Avilainishe vidole vyako, kimoja baada ya kingine, na kile kilichopinda akiache kilivyo.

Ni mimi nikupendaye tangu ukiwa huna jino hata moja,
Mke mkubwa,
Bibi yako.

Nyongeza: Ukitazama karibu sana utaona kope ya jicho la kushoto nimeianza kwa wino, kidogo tu, upande wa pua. Mkono ulitaka kurudi nyuma kufunga, nikauzuia. Maisha yangu yote sijatoa kazi yenye mshono wazi. Huu nimeuacha wazi.