Usukani wa Mashua ya Jemadari

Jumatatu, 7 Oktoba
Kikao cha tamasha la kuigiza vita vya kale vya Jemadari baharini. Nimeomba kushika usukani wa mashua ya Jemadari. Kicheko! Mwenyekiti Pyo kasema vita ni kazi ya wanaume, mimi niendelee kuzunguka kilimani na wanawake wenzangu. Miaka ishirini na miwili nacheza ngoma ya duara pale juu. Na mashua yenyewe ni yangu! Ndiyo ninayovunia mwani tangu mume wangu, Baba Gyu-ho, afariki. Siku ya tamasha wanaipamba kwa bendera na kumpa nahodha wa kukodi.
Nikasimama. "Basi mwaka huu mashua yangu nayo itacheza ngoma kilimani."
Nikatoka. Viatu nimevalia barabarani.

Jumatano, 9 Oktoba
Pyo kaja na kasha la matufaha. Matufaha!
"Mama Gyu-ho, mabasi thelathini na moja ya watalii yanakuja. Jemadari aliwazuia Wajapani kwa meli kumi na tatu. Bila yako ni kumi na mbili. Watu watahesabu!"
"Wahesabu."
Jirani yangu Mal-ja alikuwa kibarazani, anatia chumvi kabichi za kimchi. Hakuinua hata kichwa. "Mwenyekiti, kwenu mwenye mashua huwa abiria?"
Pyo akaomba maji ya kunywa. Tumekubaliana: Jumapili, mimi na nahodha wake Kuk, kila mtu apite mlango wa bahari. Atakayepita salama ndiye.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimepita!!
Kuk alitangulia, kwa saa ya ratiba. Mkondo ukamzungusha kama pia, mara tatu. Mwigizaji wa kutoka Seoul aliyepanda naye, Jemadari wetu, kapoteza kofia ya chuma na staftahi yote. Mimi nikangoja. Dakika arobaini! Wakanong'ona gatini eti bibi anaogopa. Maji yalipogeuka nikaingia, nikatoka upande wa pili, chai yangu haijamwagika.
Pyo kaandika jina langu kwenye ratiba. Kwa wino.

Ijumaa, 18 Oktoba
Bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu. Mlango wa bahari unanguruma, nausikia hadi jikoni.

Jumamosi, 19 Oktoba
Niandike nini kwanza? Watu! Kilima cheupe kwa kofia zao. Nyuma yangu mashua kumi na mbili, mbele yetu meli za adui arobaini — jamaa zetu wa kijiji cha ng'ambo ya mlango, wamevaa madevu ya bandia, wanatutukana kwa furaha.
Saa nane ratiba ikasema tuingie. Maji yakasema bado. Pyo kwenye simu ya upepo: "Ingia! Watalii wanaungua jua!"
"Bado."
"Mama Gyu-ho, utanifukuzisha!"
"Bado, Mwenyekiti."
Nyuma yangu wote wametia nanga, wananitazama mimi tu. Kama nimekosea, nitahama kijiji.
Halafu maji yakageuka. Nikayasikia miguuni kabla ya kuyaona. Nikageuka kumwambia Jemadari atoe amri — kakumbatia mlingoti, kafumba macho! Nikamnyang'anya kipaza sauti. "Hakuna kurudi nyuma! Mbele!"
Sauti yangu, kwenye spika zote za kilimani. Mkondo ukawabeba adui kinyumenyume, wanagongana, madevu yanaelea, wanacheka hadi kulia. Hakuna aliyeigiza! Wanawake kilimani wakaacha duara, wakateremka mbio hadi majini wakiliita jina langu. Jina langu hasa. Ok-rye! Ok-rye! Sijaitwa hivyo tangu niolewe.

Jumapili, 20 Oktoba
Naandikia mashuani. Asubuhi kaja bibi wa Kijapani, Bi Isonaga, na mkalimani. Jana alikuwa kilimani. Kapiga makofi, asema, kisha katokwa machozi. Kwao husimuliwa kwamba babu wa mababu zao alizama hapa. Anaomba nimpeleke katikati, amimine pombe kidogo ya kumkumbuka.
Pyo kapiga simu kunisifu: mwakani ratiba itafuata maji! Nikamweleza kuhusu bibi. "Usithubutu! Siku moja tu baada ya ushindi? Watu watasemaje?"
"Mwenyekiti, nahodha ni nani?"
Kakata simu.
Maji yanageuka saa tano kasorobo. Bi Isonaga keshaketi, chupa kaishika kwa mikono miwili. Mal-ja kaleta majaketi okozi — kumbe naye anakuja! Injini inanguruma. Na kule mwanzo wa gati namwona Pyo, anakimbia, tai begani, anapunga mkono. Sijui anakuja kutuzuia au kupanda. Nimemwambia Mal-ja asifungue kamba bado.