Uji wa Mama Kwenye Kamera

Dada yangu,

Tangu shule yetu ianze somo la habari, hajazaliwa mtangazaji wa kunifikia. Redio zikinisikia zitajizima zenyewe kwa aibu. Paka wako hajambo, mvivu kama mwenyewe.

Ila nina hasira za kupasua jiwe! Mwalimu wa habari alitutuma tumhoji mfanyakazi wa shule, nikamhoji mama kwa kamera kule jikoni kwake shuleni. Akasema, "Uji uliungua siku moja tu, jiko lilipoharibika. Niliomba litengenezwe, wakanipuuza." Mimi nikabakiza maneno "Uji uliungua" peke yake, nikayarudia mara tatu. Darasa lilivunjika mbavu, nikapewa alama tisini. Mkuu wa shule, mnafiki yule, alicheka mpaka machozi, na kesho yake akamfukuza mama kazi! Jiko bovu ni lake, aibu kambebesha mama!

Mama hajanigombeza. Kasema tu, "Mwanangu, wapelekee maneno yangu yote wayasikie."

Dada, sinayo. Niliyafuta kwenye kamera ili nipate nafasi ya kujirekodi mimi, nikitangaza.

Mdogo wako, yule uliyemwita Kasuku