Kabla Hujampandisha Mbwa Wako

Mjukuu wangu Keza,

Nakusalimu kutoka Gahanga. Goti la babu yako limepata nafuu, na shangazi yako amehamia Kimironko. Umeniuliza kama ni sawa mbwa wako azae, uwagawie watu watoto wake. Ngoja nikusimulie.

Mimi na babu yako tuliporudi Rwanda kutoka Tanzania, tukiwa bado vijana, tulichukua mtoto wa mbwa kwa Mama Diane, aliyekuwa akifuga na kuzalisha mbwa Kicukiro. Siku ya kwanza alitunyima. "Bado ananyonya," alisema. Kwanza alikuja kuona ua wetu, ndipo akatupa, akisema, "Ukishindwa kumtunza, mrudishe kwangu. Usimwache barabarani."

Baadaye tulilazimika kuhama, na mwenye nyumba mpya hakutaka mbwa. Nilimrudisha mbwa wetu, tuliyemwita Simba, huku nalia, nikijua nitagombezwa. Mama Diane alimwita kwa jina, akampa maji, kisha akanitengea chai.

"Hunilaumu?" nilimuuliza.

"Mimi ndiye niliyeamua azaliwe," alijibu. "Hapa ni kwao mpaka afe."

Alimtafutia familia nyingine Masoro. Nilipokwenda kumwona, Simba alikuwa amenenepa, na alinirukia kwa furaha.

Basi, Keza, wafikirie watoto hao wa mbwa wako wakirudi mlangoni kwako siku moja, wakubwa na wenye njaa. Kama moyo wako unawafungulia, usiogope. Wengi huuliza watoto wakishazaliwa. Wewe umeuliza mapema, nami nimefurahi sana.

Bibi yako akupendaye