Mabehewa Matupu Yapite Kwanza

Mwanangu,

Marahaba, ingawa barua zangu tatu hujazijibu. Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Mwandiko usiucheke, shule niliishia darasa la pili.

Yule injinia wetu wa reli wakati wa vita ametoa kitabu, kinasomwa vyuoni! Anasema jeshi lilikosa risasi kwa sababu mabehewa yakishashusha mzigo yalikwama huko mbele, hayarudi kupakiwa. Kanuni yake: penye njia moja, matupu yapite kwanza. Nani alimwambia? Mimi, mpanga mabehewa! Nilimwambia, "Bwana mkubwa, rudisha matupu." Akacheka, "Wewe hata jina lako huandiki sawasawa." Kesho yake akaitangaza kuwa yake.

Miaka thelathini namwandikia, kimya. Juzi amejibu: toleo jipya litanitaja kwa jina. Nimewaonyesha barua majirani wote, hata wasiotaka kuiona.

Lakini kuna jambo mama yako hajakwambia. Treni ya majeruhi aliyokuwemo baba yako ilisimamishwa pembeni masaa manne, yapite matupu arobaini. Aliyeyapitisha ni mimi. Sikujua kaka yangu yumo. Alifika hospitali ameshakufa.

Nimemwambia injinia asubiri. Kanuni ni yangu, na ni nzuri, hapo sibishani na mtu. Ila jina hilo ni la ukoo, ni la baba yako pia. Ukisema lisiandikwe, halitaandikwa.

Ni mimi,
baba yako mdogo