Karatasi za Marehemu Anselmi

Jumatatu, 8 Septemba
Saa mbili asubuhi. Kipima mvua kikavu. Joto nyuzi kumi na tisa. Nimeandika kwenye karatasi ya mwezi, nikatia jina: Anselmi. Kama kila siku.

Halafu nikashika fyekeo. Majani yakiachwa marefu kukizunguka kipimo, upepo unacheza na hesabu inaharibika. Watu wa Musinzira wakipita hapo njiani wananiita mzee wa majani. Sawa. Hata kadi yangu ya kazi inasema hivyo: mtunza bustani.

Mchana imefika barua. Nastaafu mwisho wa mwezi huu. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Mimi hesabu zangu zilisema bado miaka mitano.

Jumatano, 10 Septemba
Jana sikuweza kumwambia mke wangu. Leo nimemwambia. Mama Jestina aliacha kuchambua maharage. Hakulia. Aliuliza neno moja tu: nyumba?

Nyumba ni ya kituo cha hali ya hewa. Kazi ikiisha, funguo zinarudi. Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Tanzania tulirudi tukakuta shamba la baba lina wenyewe wapya. Kesi ikaisha kwa kugawana nao, kisha na ndugu zangu, na kipande changu kinatosha kaburi, si nyumba. Tuna chumba kimoja tu cha kukimbilia, kwa shemeji yangu kule Giheta, na shemeji mwenyewe ana watoto saba.

Miaka mitano ingetosha. Kiwanja kidogo, vyumba viwili, bati. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia matofali.

Nina hasira. Naiandika hapa kwa kuwa sina wa kumwonyesha.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimekwenda ofisi ya wafanyakazi, mjini. Nilipangwa kwa dada mmoja mpole, Sandrine, mwenye dosie yangu, faili la kazi, mezani. Ameniamkia vizuri, akanipa kiti. Kisha akanieleza kama anavyoelezwa mgonjwa.

Walinzi, wapishi na watunza bustani wanatoka wakiwa na sitini. Mafundi wanakwenda mpaka sitini na tano. Watazamaji wa hali ya hewa wamo kwenye mafundi. Mimi nimeandikwa bustani.

"Mzee wangu, tatizo si umri. Tatizo ni kundi."

Nikamwambia kazi ninayoifanya ni ya mtazamaji. Mvua yote ya Gitega ya miaka kumi na tisa, nimeipima mimi. Akasema basi leta uthibitisho.

Uthibitisho! Ninao kabati zima. Nimerudi karibu nakimbia.

Jumamosi, 13 Septemba
Mjinga mimi.

Nimetoa nakala zote, mwaka kwa mwaka, nikazitandaza kitandani. Mwandiko wangu kila mahali. Sikukosa siku. Kuna karatasi yenye doa la chai, ya asubuhi aliyozaliwa Jestina wetu. Kuna ya siku niliyosoma kipimo nikiwa na malaria, namba zimepinda. Na chini ya kila moja: Mtazamaji, Anselmi.

Anselmi nilimzika mimi. Nilishika jeneza upande wa kushoto. Ndiye aliyekuwa mtazamaji wa kweli, mwenye diploma, na ndiye aliyenifundisha kusoma chombo kwa kuinama jicho lilingane na maji. Wiki ya matanga Shefu Deo, mkuu wa kituo, akaniita pembeni. Akasema soma wewe, lakini jina acha lake, mpaka waajiri mwingine. Huko juu wakiona kituo hakina mtazamaji, watakifunga, na wewe na majani yako utakwenda wapi?

Mwingine hakuajiriwa. Mshahara wa Anselmi ulikatwa mwezi uleule alipozikwa. Jina likabaki kazini.

Kwa nini sikuuliza? Naijua sababu, na inaniudhi kuiandika. Nilikuwa nimerudi juzijuzi. Ukibishana, unaambiwa rudi kwenu Tanzania. Nikanyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea.

Jumatatu, 15 Septemba
Kikavu. Nyuzi ishirini.

Nimempelekea Sandrine nakala mfuko mzima. Alizipitia kwa heshima. Nikaandika mbele yake, aone mwandiko ni mmoja. Aliona. Akainuka, akafunga mlango.

"Mzee, kutia jina la mtu mwingine kwenye karatasi ya serikali, hilo lina jina lake. Unataka niliweke kwenye dosie?"

Nikazirudisha mfukoni mwenyewe. Nikaubana mfuko kwapani kama mwizi wa kuku.

Amesema njia imebaki moja. Mkuu wangu aandike kwamba kazi ya mtazamaji naifanya mimi. Shefu Deo siku hizi yuko Muyinga, anasimamia vituo vya huko na hiki chetu. Nitakwenda.

Jumatano, 17 Septemba
Muyinga. Naandika hapa chumbani kwa Jafari fundi cherehani, tulisoma naye shule moja kambini.

Gari lilikosa mafuta, tukangoja Gitega mpaka saa tano. Kituoni nimemwachia Mama Jestina kipimo. Anajua kukisoma kunishinda. Nilimwambia asisahau jina. Akasema, "Anselmi, najua." Mke wangu naye sasa ni Anselmi. Ningecheka kama ningekuwa na moyo wa kucheka.

Shefu Deo nimemkuta mezani kwake, shati limepigwa pasi, miwani mipya. Ana sitini na tatu. Ni mkubwa kwangu, lakini kundi lake ni la wakuu, kwa hiyo yeye hajazeeka. Nimemweleza yote. Alisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Zakaria, usiogope. Weye uko mutu wangu. Kesho asubuhi barua iko tayari."

Nilitaka kumkumbatia. Jafari amepika wali na maharage, nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 18 Septemba
Barua ninayo! Bahasha ya kaki, imefungwa kwa gundi, mhuri umepigwa juu ya mfuniko ili asifungue mtu. Shefu amenikabidhi kwa mikono miwili. Njia nzima niliiweka ndani ya shati, upande wa moyo. Karuzi tumepita nikiwa natabasamu peke yangu kama mwehu.

Mama Jestina ameigusa bahasha kwa vidole viwili. Akataka nifungue tuone. Nikamkatalia. Ukivunja mhuri barua imekufa. Anselmi alinifundisha hivyo.

Jioni tumekwenda kuona kiwanja nyuma ya shule za Mushasha. Kina mteremko, lakini kinafaa. Mama Jestina amepima jiko kwa hatua zake.

Jumatatu, 22 Septemba
Ofisini wamefunga mapema. Kesho.

Jumanne, 23 Septemba
Sandrine alipasua bahasha kwa rula. Akasoma kimya. Akaniangalia. Nikamwomba asome kwa sauti.

Barua inasema mimi ni mtunza bustani mwaminifu, mwenye nidhamu, ambaye mara chache, mtazamaji alipokuwa na udhuru, alisaidia kutazama vyombo. Inaniombea mapumziko mema.

Mara chache. Udhuru! Mtu yuko kaburini miaka kumi na tisa, huo ndio udhuru wake.

Nilikuwa na nauli ya kwenda Muyinga, nikaitumia kwenda kujiletea mwenyewe barua ya kuthibitisha kwamba mimi ni wa majani. Nikaibeba kifuani. Ningeifungua njiani ningeitupa mtoni. Mama Jestina alisema tufungue. Yeye alikuwa na akili kunizidi, mimi nilikuwa na heshima.

Sandrine alisema pole. Barua imeshagongwa mhuri wa kupokelewa, haitoki tena kwenye dosie.

Jumatano, 24 Septemba
Nimempigia Shefu. Simu tatu hakupokea. Ya nne akapokea.

"Zakaria, mi nimebakisha miaka miwili. Wakiniuliza sababu gani marehemu anasaini karatasi zangu, nijibu nini?"

Nikasema ulinituma wewe. Akasema, polepole, kama anambembeleza mtoto: iko wapi iliyoandikwa?

Haipo. Yeye hajawahi kuandika kitu. Mimi ndiye niliyeandika kila siku.

Nimemchukia. Halafu nikakaa jikoni, na likanijia wazo la pili, baya zaidi. Ningekuwa mimi kwenye kile kiti, nimebakiza miaka miwili, sijui ningeandika nini. Sitaki kulijua.

Jumapili, 28 Septemba
Kikavu. Mawingu mengi upande wa Giheta.

Kanisani wameniombea ustaafu wenye heri. Watu wakanishika mkono. Mmoja akasema sasa utapumzika, mzee wa majani. Nikasema asante.

Tumefunga vyombo. Masufuria, godoro, Biblia ya mama. Nakala za miaka kumi na tisa hazina pa kuwekwa, chumba cha shemeji ni kidogo. Mama Jestina amesema tuzichukue, zitatufaa kuwashia mkaa. Kisha akaona uso wangu, akazifunga kwa kamba, akaziweka chini ya godoro.

Jumanne, 30 Septemba
Siku ya mwisho. Kikavu. Nyuzi ishirini na moja.

Ameletwa wa kushika nafasi yangu, mama mmoja mjane wa Musinzira, Esperansi. Kaajiriwa bustani. Nimemwonyesha fyekeo, nimemwonyesha mpaka wa majani. Akaniuliza na hii mitungi? Shefu amempigia simu, amemwambia nayo aisome.

Nikatia maji kidogo kwenye kipimo, nikamfundisha. Kuinama, jicho lilingane na maji. Ana mkono mzuri, hatikisi chombo. Namba yake ya kwanza ilikuwa sahihi.

Akashika kalamu. Akauliza aandike jina gani.

Nikasema lako.

Akasema Shefu amemwambia Anselmi, mpaka waajiri mwingine.

Nikamwambia usikubali, mama. Nikamwambia yote, nimesimama palepale kwenye majani, na barua, na dosie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana watoto wanne na siku moja kazini. Aliniomba samahani kabla ya kuandika.

Nimeweka funguo mezani. Mama Jestina alifagia nyumba kabla ya kutoka, ingawa si yetu.

Jumamosi, 4 Oktoba
Giheta. Mvua imeanza alfajiri, ya kwanza ya msimu. Tulikuwa tumelala wote chumba kimoja, na masanduku. Nimeisikia ikipiga bati nikajua si ya kupita tu.

Jana nilikuwa nimeomba kopo tupu la maziwa ya unga kwa mke wa shemeji, nikalichimbia nusu uani, mbali na michirizi ya paa. Watoto walicheka. Nikawakataza kulisogelea.

Saa mbili nimekwenda na rula ya mtoto wa tatu. Nimeinama. Goti limelia. Jicho likalingana na maji.

Mama Jestina alikuwa mlangoni na uji.

Giheta, saa mbili asubuhi. Mvua, milimita kumi na nne.
Mtazamaji: Zakaria.