Baba, Nimepata Maana ya Mwebrania

Baba,

Shikamoo. Najua sitaisikia tena marahaba yako, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukusalimia.

Niko nyumbani Basotu, mezani kwako. Mama ameenda kuvuna alizeti, mguu wake umepona. Dirisha nimeliwekea kioo kipya. Lakini sikukaa hapa kukuambia habari za dirisha. Nimepata jibu la swali lako.

Ile likizo yangu ya kwanza kutoka chuo cha Biblia, ulinifungulia Mwanzo sura ya kumi na nne, ukaweka kidole pale Abramu anapoitwa Mwebrania. Ukasema, "Mwanangu, mimi ni mwinjilisti wa darasa la saba, nisaidie. Hili neno maana yake nini?" Mimi nilikuwa na simu mkononi. Nikajibu bila kukutazama, "Ni kabila tu, Baba."

"Haya," ukasema, ukafunga kitabu.

Hukuniuliza tena. Mwezi uliofuata nikapigiwa simu kwamba umeanguka. Baba, ile "haya" yako...

Siku ya kukuzika Baba Mkubwa alifika na gari kutoka Mbulu, anataka akulaze karibu na babu. Mama akakataa, akasema mahali pa kaburi ulimwonyesha mwenyewe, hapa kwenye shamba ulilonunua. Baba Mkubwa akasema mbele ya watu wote, "Mnamwacha mdogo wangu ugenini kama mtu asiye na kwao!" Hakusubiri hata kutupa udongo. Akaondoka, na kwa miezi minane hakupokea simu ya Mama.

Mimi nilirudi chuoni na Biblia yako. Nikakuta kila penye neno Mwebrania umepazungushia penseli, na pembeni umeandika swali moja: "Nani anasema?" Mke wa Potifa anasema, akimsema Yusufu. Mnyweshaji wa Farao anasema. Binti Farao, akimtazama Musa kwenye kisafina. Wafilisti. Na Yona, lakini yeye anajibu mabaharia wageni waliomuuliza ametoka wapi.

Nikampelekea mwalimu wetu wa Kiebrania. Alifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kisha akaandika ubaoni herufi tatu tu, akasema zinabeba maana ya kuvuka. Huenda Mwebrania ni mtu aliyevuka, mtu wa ng'ambo ya mto. Wengine wanasema jina limetoka kwa Eberi, babu wa zamani wa Abramu. Wengine wanafikiri waliitwa hivyo watu wasio na ardhi, waliotangatanga katika nchi za watu. "Hakuna mwenye uhakika," alisema. "Ila huyu aliyeshika penseli ameona jambo kubwa. Mara nyingi neno hili liko kinywani mwa wageni, au linasemwa mbele ya wageni. Wenyewe kwa wenyewe walijiita wana wa Israeli. Huyu alisoma wapi?"

Nikamwambia ni baba yangu, mwinjilisti wa darasa la saba.

Na nilielewa uliona kwa macho gani. Sisi kwa lugha yetu ni Wairaqw, lakini miaka yote uliyoishi hapa uliitwa "yule Mmbulu". Ulilima nao, ukazika watu wao, ukabaki yule Mmbulu.

Halafu nikafika Kutoka, Musa amesimama mbele ya Farao. Pale penseli yako imezunguka mara mbili hadi karatasi imechanika. Bwana, Mungu wa Waebrania. Baba, nilikaa chini sakafuni. Mungu aliyeumba mbingu anafika ikulu ya mfalme, na katika majina yote anajitambulisha kwa lile ambalo watu wa ikulu waliwaitia watumwa wao! Hukuandika kitu pembeni pale.

Likizo hii nilianzia Mbulu kwa Baba Mkubwa. Nilimkuta zizini, nikamwamkia, akaitikia kwa shida. Nikamweleza yote. Nikamsomea jinsi Abrahamu alivyosimama mbele ya wenyeji na kukiri kwamba yeye ni mgeni kwao, akanunua shamba ili amzike Sara.

Akauliza, "Na yeye mwenyewe Abrahamu alizikwa wapi?"

"Hapo hapo, Baba Mkubwa. Kwenye shamba alilonunua ugenini."

Akavua kofia.

Jumamosi alishuka kwenye basi hapa kwetu. Alisimama kaburini akasema na wewe Kiiraqw, na mimi nikasogea mbali, kwa sababu yalikuwa ya ndugu wawili. Kisha akamwomba Mama jembe, akapalilia pote mwenyewe. Mama akamwekea ugali na maziwa ya mgando. Alikula akamaliza. Mama alilia jikoni, lakini si kama kile kilio cha mwanzo.

Mimi nimepangiwa kazi Getanuwas, mwinjilisti kama wewe. Kule wapo majirani wafugaji ambao sisi tumezoea kuwaita Wamang'ati, na sijawahi hata siku moja kujiuliza nani aliwapa jina hilo. Nakuahidi, Baba: siku ya kwanza sitahubiri. Nitaingia bomani kwao, nisalimie wazee, niwaulize wao wenyewe wanajiitaje. Nami nitakaa nisikilize hadi wamalize.

Pumzika, Baba yangu.

Binti yako,
Paskalina